Gobori Linalotawanya Gololi: Majibu kwa Wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, ambako gobori la mtindo wa kale bado linatumika kwa shabaha na kwa uwindaji wa kulungu. Maneno mengi tutakayotumia ni ya wazee wetu, yapo tangu enzi za misafara. Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Mdeki ni ule ufito wa kushindilia. Fataki ni kikofia cha shaba kinachogongwa na nyundo, na gumegume ni jiwe la cheche, ambalo limeipa jina hata bunduki yenyewe. Risasi ya duara tumeiita gololi, isije ikachanganywa na madini ya risasi. Kitambaa ni kile kipande kinachoizunguka gololi inaposhindiliwa, na mzigo ni baruti, kitambaa na gololi kwa pamoja. Ndani ya mtutu, palipoinuka tunapaita matuta na palipozama mifereji. Mkulima yeyote ataelewa. Hivyo hujipinda mtutuni kama uzi wa skrubu; mzunguko 1 kwa inchi 48 maana yake vinazunguka mara moja kila inchi 48. Greni 1 ni gramu 0.065 hivi, ila kipimo cha baruti hujazwa kwa ujazo, si kwa mizani. Herufi F huonyesha ulaini wa baruti: F zikiwa nyingi, chembe ni ndogo.

Nina gobori la fataki la kaliba .50, mtindo wa Hawken (bunduki ya kale ya Marekani), mzunguko 1 kwa inchi 48. Natumia gololi za inchi 0.490, kitambaa cha inchi 0.010 nilichonunua kimeshakatwa, na greni 90 za baruti ya 2F. Yadi 50 matundu yanasambaa kama sinia la pilau. Nimeongeza baruti, hali imekuwa mbaya zaidi. Nibadilishe mtutu? — Msomaji, Columbus, Ohio

Usiuguse mtutu, ndugu. Tuanze na hesabu, maana kosa liko kwenye kitambaa.

Mtutu wa .50 una upana wa inchi 0.500 kutoka tuta hadi tuta. Gololi yako ni 0.490, kwa hiyo kila upande inabaki nafasi ya 0.005. Mitutu mingi ya mzunguko huo ina mifereji ya kina kifupi, 0.005 hivi, basi kutoka kwenye gololi hadi chini ya mfereji ni 0.010. Kitambaa chako ni 0.010. Kinafika chini ya mfereji na kuugusa tu, hakijabanwa hata kidogo. Moto wa greni 90 unapita pembeni, unakiunguza, na gololi inatoka ikiwa imelegea. Kila ulipoongeza baruti uliongeza moto kwenye mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

Tafuta kitambaa cha pamba tupu cha inchi 0.015 hadi 0.018. Kile kizito cha mistari kinachoshonewa foronya na magodoro huwa karibu na 0.018. Pima kwa kalipa ukiwa umekibana hasa, kwa sababu kitambaa kilicholala bure humdanganya mpimaji. Kioshe mara moja kutoa wanga wa kiwandani, kikaushe. Kama huna hakika ni pamba, choma uzi mmoja: pamba huacha majivu, poliesta hujikunja na kuwa kidonge kigumu. Poliesta ikiyeyuka ndani ya mtutu utasugua mpaka jioni.

Baada ya hapo rudi chini kwenye baruti. Kanuni ya kuanzia ni nyepesi kukumbuka: greni ziwe sawa na namba ya kaliba. Wewe anza na 50. Kaliba ya .50 inakubali 2F na 3F. 3F ni laini zaidi, huungua haraka na kuacha masizi machache, hivyo kwa kiasi kilekile inasukuma kwa nguvu zaidi. Chagua moja, ukae nayo mpaka jaribio liishe. Kikomo cha juu kipo kwenye kijitabu cha mtengenezaji wa mtutu wako, na hicho hakivukwi. Tena iwe baruti nyeusi, au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili ya magobori. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya ndani ya risasi za ganda, hupasua mtutu hata ukiweka kidogo.

Jaribio lenyewe liko hivi. Weka shabaha yadi 25, si 50. Umbali mfupi huondoa upepo na udhaifu wa macho, unabaki mzigo peke yake. Pumzisha mbao ya mbele ya bunduki juu ya mfuko wa mchanga, siyo mtutu wenyewe. Futa mtutu kwa kitambaa kikavu, kisha lipua fataki moja au mbili bila mzigo ili njia ya moto iwe wazi. Mimina baruti kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia hadi kwenye kipimo, na kutoka kwenye kipimo hadi mtutuni. Pembe haimiminwi moja kwa moja mtutuni kamwe: cheche moja iliyobaki chini, na pembe nzima inalipuka mkononi mwako. Gonga ubavu wa mtutu mara zilezile kila safari, baruti ilale sawa. Weka kitambaa chenye mafuta, gololi juu yake na alama ya kikonyo cha kalibu ikitazama juu katikati, isukume kwa kijiti kifupi, halafu mdeki.

Kwenye mdeki ndipo wengi wanapoharibu. Sukuma kwa mwendo mmoja mpaka gololi ikae juu ya baruti, kisha kandamiza kwa nguvu ileile kila mara. Usiipige gololi kwa mdeki ukiurusha kama mtwangio kinuni. Inabonyea, na baruti inasagika. Chora mstari kwenye mdeki pale unapolingana na mdomo wa mtutu ukiwa mtupu, na mstari wa pili ukiwa na mzigo wa greni 50. Ukiongeza baruti mstari wa pili utapanda kidogo, uchore upya. Mstari ukiwa juu ya pale unapopaswa kuwa, gololi haijafika. Ukifyatua kukiwa na nafasi kati ya gololi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Piga 5 kwa greni 50. Futa mtutu kila baada ya kupiga. Andika, bandika shabaha mpya, piga 5 kwa 55, kisha 60, 65, mpaka 80. Hakuna kingine cha kubadilisha: kitambaa kilekile, mafuta yaleyale, fataki za pakiti ileile. Matundu huwa yanakusanyika, yanatawanyika, kisha pengine yanakusanyika tena juu zaidi. Chukua mzigo uliokusanya vizuri kuliko yote, uupeleke yadi 50, na ujaribu greni 2 au 3 juu na chini yake. Kwa alama za wazi za kulengea, matundu 5 ndani ya inchi 2 hapo ni kazi nzuri. Mitutu ya mzunguko wa 1 kwa 48 mara nyingi hutulia kati ya 50 na 70; ile ya 1 kwa 66 au 70 yenye mifereji ya kina kirefu huvumilia zaidi.

Na kama moyo bado unazitamani zile 90: gololi ya 0.490 ina greni 177 tu na umbo lake hukatwa kasi na hewa upesi. Baruti ya ziada humfikia mlengwa wa yadi 100 ikiwa imepungua sana, ila bega lako huipata yote.

Nimefuata ushauri wa kuokota vitambaa baada ya kufyatua, lakini sijui navisoma vipi. Vingi vina mipasuko midogo iliyonyooka, kama vimekatwa kwa wembe, imepangana kwa duara. Bunduki ni mpya. — Msomaji, Erie, Pennsylvania

Dada, umeshafanya sehemu ambayo wengi huiona uvivu. Shabaha hukuambia kuna kosa. Kitambaa hukuambia ni lipi.

Kwa kawaida kinaanguka yadi 5 hadi 15 mbele yako. Kilicho kizima kina duara jeusi katikati palipokaa gololi, michirizi ya matuta ukiihesabu inalingana na mtutu wako, na kingo zilizochakaa nyuzinyuzi. Kingo zikiungua kidogo si neno. Ungeweza karibu kukitumia tena, ingawa hatushauri.

Tundu la kuungua katikati, au vipande vyeusi tu vilivyobaki, maana yake moto umepita: kitambaa chembamba, gololi ndogo, au mafuta hayatoshi. Anza na kitambaa kinene zaidi, kabla ya kununua kalibu nyingine. Kama unene tayari umefika kiasi cha kushindwa kusukuma na bado kinaungua, ongeza mafuta.

Mipasuko yako iliyonyooka ni habari nyingine kabisa. Huo ni wembe wa kweli: matuta ya mtutu mpya yana kingo kali zilizoachwa na chombo cha kukatia. Kwanza jua yanakatia wapi. Shindilia gololi na kitambaa kwa kijiti kifupi inchi chache tu, bila baruti na bila fataki, kisha uitoe kwa skrubu ya kung'olea. Kikitoka kimekatwa, kosa liko mdomoni mwa mtutu. Kikitoka kizima, kosa liko ndani zaidi.

Mdomo hulainishwa kwa sandpepa laini ya namba 320, kisha 400. Iweke juu ya mdomo wa mtutu, ibonyeze kwa dole gumba, zungusha mkono huku na huku ukigeuza bunduki mara kwa mara ili usile upande mmoja. Dakika chache, kisha pima tena kwa kitambaa. Unachotafuta ni ukingo uliokufa makali, wala si shimo la faneli. Kwa makali ya ndani, vuta kitambaa chenye pamba ya chuma laini kwenye mdeki wa kusafishia mara 50 hivi, au fyatua tu: mitutu mingi hujilainisha yenyewe baada ya gololi 100 hadi 200. Mtu mwenye subira hupata yote mawili, mtutu laini na mazoezi.

Gololi mbili za kwanza zinaingia vizuri. Ya tatu inagoma, ya nne inasimama nusu ya njia. Nafyatua hivyohivyo au? — Msomaji, Indianapolis

Hapana! Gololi iliyosimama nusu ya njia haifyatuliwi. Toa fataki kwanza, elekeza mdomo upande salama, mimina maji kidogo mtutuni yalainishe masizi, kisha jaribu kuisukuma chini polepole huku mwili na uso vikiwa pembeni. Ikikataa, ing'oe kwa skrubu baada ya kuilowesha baruti kabisa.

Chanzo ni ukoko. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi, na hugandamana karibu na pale gololi inapokaa, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Hewa kavu huufanya mgumu, hewa ya unyevu huufanya uji. Ndiyo maana mzigo uliokuwa mtamu Agosti unaweza kukugomea Januari.

Tazama mafuta yako. Mafuta ya petroli, yaani ya injini au grisi, yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi huwa kama lami. Tumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni, sehemu 1 ya nta kwa 2 au 3 za mafuta. Joto likipungua ongeza mafuta, isigande. Kwa shabaha tupu, mate yanatosha, na wazee wengi wa mchezo huu hawatumii kingine. Mate hayafai kwa uwindaji, kwa sababu kitambaa kinyevu kikikaa saa nzima juu ya baruti kitailowesha.

Kufuta kati ya mapigo kuna namna yake. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitone. Kishushe taratibu mara moja hadi chini, kitulie kidogo, kivute juu. Ukisugua mbele na nyuma unasukuma masizi yote chini kwenye njia ya moto, halafu fataki inalia na bunduki inakaa kimya. Malizia na kikavu.

Ukiwa Indianapolis una bahati: Friendship, kusini-mashariki mwa jimbo hilohilo la Indiana, ndipo penye viwanja vya chama cha taifa cha wapiga gobori, NMLRA, kilichoanzishwa mwaka 1933. Nenda siku ya mashindano ukatazame mikono ya watu wakishindilia. Utajifunza mengi bila kuuliza swali hata moja.

Naomba msaada wa gumegume. Napenda msimu wa uwindaji wa baada ya Krismasi hapa Pennsylvania, lakini kati ya cheche na mlipuko kuna muda mrefu, nahama shabaha. — Msomaji, Harrisburg

Jambo la kwanza ni kisahani, kile kibakuli cha baruti ya kuwashia kilicho ubavuni mwa mtutu. Wengi hukijaza wakidhani wingi wa moto ni haraka ya moto. Baruti ya 4F, greni 3 hivi, inatosha, na isifunike kitundu cha moto kinachoingia mtutuni. Ikikifunika, kitundu kinakuwa utambi unaoungua kutoka nje kwenda ndani, na huo ndio muda unaousikia. Ikilala chini yake, mwako wenyewe unaruka ndani.

Kitundu kiwe na kipenyo cha karibu inchi 1/16, nacho kisafishwe kwa waya kila baada ya kushindilia. Jiwe likae limebanwa kwa ngozi, ukingo wake uguse chuma cha kugongea kwa upana wote. Likiwa butu, ligongwe upya. Futa ukingo wa jiwe, chuma na kisahani kila baada ya kupiga, hasa siku ya theluji. Usitumie baruti mbadala kwenye gumegume: huhitaji joto kubwa zaidi kuwaka, na cheche za kisahani hazilitoi kwa uhakika.

Ikiwa cheche imetoka na bunduki haikulia, baki umeielekeza kwenye shabaha dakika 1 kamili au zaidi kabla ya kufanya lolote. Moto unaweza kuwa bado njiani.

Risasi za kusawazishia magurudumu ya gari zinafaa kusubu gololi? — Msomaji, Minneapolis

Zinafaa kwa shida. Zimechanganywa na madini mengine, ni ngumu, na gololi hutoka kubwa kidogo na nyepesi kidogo kuliko ya risasi safi. Risasi safi huchubuka kwa ukucha, tafuta hiyo. Huyeyuka nyuzi 327 za Selsiasi, ila kwa kusubu inatakiwa joto zaidi, na kalibu nayo ipate moto; gololi zenye mikunjo kama ngozi ya mzee ni dalili ya ubaridi. Pima kila moja kwenye mizani. Iliyopungua kwa zaidi ya greni 1 au 2 ina uwazi ndani, irudishe chunguni. Fanyia nje penye hewa, nawa mikono kabla ya kula, na tone la maji lisikaribie chungu: litageuka mvuke papo hapo na kurusha risasi iliyoyeyuka usoni.

Marehemu baba mdogo aliacha gobori, mtutu wake ni wa bomba. Naweza kufuata vipimo vyenu? — Msomaji, Tabora

Hapana, na pole kwa msiba. Vipimo vyote humu ni vya mitutu ya chuma iliyotengenezwa na kupimwa kwa baruti. Bomba la maji lina mshono wa kuchomelea, na mshono huo ndio hufunguka, kwa kawaida karibu na jicho la mfyatuaji. Tena gobori la urithi mara nyingi huwa bado na mzigo ndani. Lililokaa miaka 20 linaweza kulia leo. Usiliguse, usilibebe barabarani. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inalihesabu kama silaha, hivyo toa taarifa polisi wao waje walichukue.

Hata kwa walioko Marekani: sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 haiyahesabu magobori pamoja na silaha nyingine, lakini majimbo yana sheria zao. Uliza kabla ya kununua, na kuhusu uwindaji uliza idara ya wanyamapori ya jimbo.

Mzigo nimeshaupata, greni 65, matundu yanagusana. Lakini yote yako inchi 4 chini ya katikati, yadi 50. Niongeze baruti ipande? — Msomaji, Louisville, Kentucky

Usiuharibu mzigo mzuri kwa ajili ya alama ya kulengea. Alama ya mbele ndiyo inayonolewa: ikishuka, gololi hupanda. Pima umbali kati ya alama ya mbele na ya nyuma, tuseme ni inchi 27. Yadi 50 ni inchi 1,800. Zidisha kosa, 4, kwa 27, kisha gawanya kwa 1,800: jibu ni inchi 0.06. Hicho ndicho cha kunoa kwa tupa, nacho ni kidogo, kwa hiyo noa 0.04 kwanza, piga 5, ndipo umalizie. Chuma kilichoondoka hakirudi. Kwa kulia na kushoto, sogeza alama ya nyuma upande ule unaotaka gololi iende, au ya mbele upande wa pili wake, kwa nyundo ya shaba ukigonga polepole.